Kuzunguka milima ya Mbeya kwa gari siku mbili: Chimala, Kitulo, Tukuyu na Ngozi (mwongozo kamili)

Wakuu, kila likizo watu wanauliza jambo hili hili na kila likizo wengi wanarudi wamechoka na hawajaona kitu. Wanatoka Mbeya mjini saa nne asubuhi, kwa mpigo mmoja wanataka Ngozi (ziwa lililo ndani ya shimo la volkano), Daraja la Mungu (daraja la mwamba wa asili), maporomoko ya Kaporogwe, ufukwe wa Matema na Kitulo (hifadhi ya maua), saa tisa mchana ndo wanafika Kitulo na ukungu umeshashuka, alafu usiku unawakuta kwenye kona za Chimala breki zinanuka na watoto wanalia nyuma. Tuipange vizuri basi, maana milima ya huku ni mizuri mno, inastahili kuonwa kwa utulivu.

Kitu kikubwa ninachotaka ushike ni hiki: geuza mzunguko. Wengi wanapanda Kitulo kwa Isyonje (upande wa barabara ya Tukuyu) wanashukia Chimala (upande wa barabara ya Dar). Wewe pandia Chimala, shukia Isyonje. Sababu zipo chini.

Vitu vya kuwa navyo kabla hata hujawasha gari

Gari. Kwa mzunguko mzima unahitaji gari la kunyanyuka kidogo, RAV4, Forester, Prado, Hilux, za aina hiyo, na kama ni msimu wa mvua basi iwe 4x4 kweli kweli. IST, Vitz, Passo na wenzake zifanye upande wa lami tu, nimeandika mwishoni zifanyeje.

Breki. Sio "breki ziko poa tu". Peleka kwa fundi atoe tairi, aangalie pedi zimebaki kiasi gani, aangalie na oili ya breki ina mda gani tangu ibadilishwe. Oili ya zamani inakuwa imenyonya unyevu, ikipata moto kwenye mteremko mrefu inachemka, inatengeneza mapovu ya mvuke ndani ya mirija, unakanyaga pedali inazama mpaka chini na gari halisimami. Hapa usibanie hela.

Rejeta na kulanti. Maji matupu ya bomba kwenye rejeta ndo yanayoua injini za watu pale Chimala. Weka kulanti, angalia feni inafanya kazi, angalia paipu hazijapasuka.

Tairi nne zenye kashata, spea tairi yenye upepo (wengi spea yao wameisahau huko chini miaka mingi haina upepo), jeki, wili spana, reflekta mbili, mtungi wa kuzimia moto, kamba ya kuvutia, na mawe mawili au vipande vya mbao vya kukingia tairi.

Nguo. Mbeya imezoea baridi lakini Kitulo ni habari nyingine. Uwanda wenyewe uko kama mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa sita na wa saba usiku joto linashuka chini ya sifuri na asubuhi unakuta barafu kwenye majani. Sweta, koti la mvua, kofia, soksi za akiba, viatu vyenye meno chini. Sandozi ziache nyumbani, ukipanda Ngozi zitakuangusha.

Mengine: leseni na bima ambazo hazijaisha, keshi ndogo ndogo, hela kwenye simu, kitambulisho (muhimu, utaona kwanini), maji ya kunywa mengi, chakula cha mchana, ramani uliyodownload kwenye simu maana kuna sehemu ndefu hakuna mtandao, na tochi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kwanza, tarehe baadae

Hapa ndo watu wanakosea bila kujua, mtu anakuja mwezi wa nane anauliza maua yako wapi.

Maua ya Kitulo yanachanua msimu wa mvua, Desemba mpaka Aprili. Ndo mda ambao uwanda mzima unakuwa na rangi, okidi peke yake zinafika aina 45 hivi, na wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu na ukifika unaelewa kwanini. Lakini huo huo ndo mda wa matope na ukungu. Juni mpaka Oktoba barabara ni kavu na unaona mbali sana, ila majani yamekauka na maua ni machache.

Ushauri wangu: kama unafuata maua nenda Desemba, Januari au mwanzo wa Februari, kabla mvua za mwezi wa tatu na wa nne hazijaharibu barabara. Kama unafuata mandhari, picha za mbali na kuendesha kwa amani, nenda mwezi wa sita mpaka wa tisa. Upande wa Tukuyu mvua ni nyingi sana, ni kati ya sehemu zinazopata mvua nyingi zaidi Tanzania, kwahiyo koti la mvua linaingia kwenye begi mwezi wowote ule.

Onyo: kama mvua kubwa imenyesha usiku wa kuamkia safari, usipande Chimala. Ahirisha, au fanya ratiba ya siku ya pili (Ngozi na Daraja) kwanza. Udongo wa ule mlima ukilowa unateleza, na pembeni ni shimo.

Hatua ya 2: Jaza mafuta na uondoke saa kumi na mbili asubuhi

Jaza full tank Mbeya mjini au Uyole. Juu Kitulo hakuna sheli, utakuta petroli ya kwenye chupa vijijini na hujui imechanganywa na nini.

Kwanini saa kumi na mbili? Kwasababu milima ya huku asubuhi iko wazi na kuanzia mchana mawingu yanapanda kutoka mabondeni, hasa msimu wa mvua. Ukichelewa kwa masaa mawili tu umeipoteza Kitulo.

Njia ni Uyole, Inyala, Igurusi, Chimala, lami tupu ya TANZAM (barabara kuu ya Dar kwenda Zambia), kama kilometa 70 na kidogo. Mteremko wa Inyala uwe nao makini sana, malori yaliyopakia yanashuka pale na ajali zake zinajulikana nchi nzima. Usijibane kati ya malori mawili, usiovateki kwenye mteremko, na acha nafasi kubwa mbele yako. Kwenye makazi ni 50 na trafiki wapo na tochi.

Umefanikiwa kama unafika Chimala kabla ya saa mbili asubuhi, gari halijachemka na una robo tatu ya tanki au zaidi.

Hatua ya 3: Panda Hamsini na Saba

Hii ndo barabara ya Chimala kwenda Matamba, inaitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Unatoka kwenye bonde la Usangu lenye joto na mashamba ya mpunga, unapanda ukingo wa mlima kona juu ya kona mpaka kwenye baridi.

Kwanini kupanda na sio kushuka? Moja, ukipanda injini ndo inafanya kazi, ukishuka breki ndo zinafanya kazi, na injini ikizidiwa gari linazima tu, breki zikizidiwa mnaenda korongoni. Pili, unapita asubuhi ukiwa na akili mpya. Tatu, kwenye mlima mwembamba gari linalopanda linapewa njia na linaloshuka, kwahiyo wewe ndo unapishwa. Nne, gari likigoma unaweza kuliachia lirudi taratibu mpaka kwenye kona pana, likigoma unashuka huna pa kurudi.

Namna ya kupanda:

Zima AC. Weka gia ya kwanza au ya pili kabla ya kona, sio katikati ya kona. Kwa gari la otomatiki toa kwenye D, weka L au 2, ukiiacha D gia itakuwa inahangaika kupanda na kushuka na oili ya gia inachemka. Ikiwa 4x4 weka 4 kabla hujaanza kupanda, usisubiri mpaka uteleze.

Piga honi kila kona usiyoiona mbele. Kila kona. Pickup na fuso za viazi zinashuka kutoka Matamba zimejaa na baadhi ya madereva wanaijua ile barabara kiasi kwamba wanaiendesha kwa mazoea.

Macho yako yawe yanarudi kwenye geji ya joto. Ikianza kupanda, tafuta sehemu pana, simama, acha injini inaunguruma bila gari kutembea, washa hita ya ndani kwa joto lote na feni yote, mtatoka jasho lakini hita inavuta joto kutoka kwenye injini. Isiposhuka, zima, fungua boneti, subiri. USIFUNGUE mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, yale maji yanaruka usoni na yanababua vibaya sana, subiri mpaka uweze kushika paipu ya rejeta kwa mkono.

Na usishtuke gari likiwa zito. Kule juu hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza kama robo ya nguvu yake ukifika kwenye mita 2,600. Sio kwamba limeharibika. Usikanyage mafuta kwa hasira, shuka gia.

Sehemu za kupiga picha zipo, ila simama kwenye sehemu pana tu, vuta handbreki, weka jiwe nyuma ya tairi, na mtu mmoja mkubwa ashike watoto. Ukigeuka nyuma Usangu yote iko chini yako, tambarare mpaka macho yanaishia.

Umefanikiwa ukisikia baridi kwenye mkono ukiutoa dirishani na mmeanza kuona mashamba ya viazi. Pumzikeni Matamba, kunyweni chai, gari nalo lipumue nusu saa.

Hatua ya 4: Kitulo, tembeeni kwa miguu

Ofisi za hifadhi ziko Matamba. Malipo ni ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) kwa kontrol namba, kwahiyo hela iwe kwenye simu au benki, usitegemee kulipa keshi getini. Viwango ulizia kwao moja kwa moja kabla ya safari, raia wana bei yao ya shilingi na kitambulisho ndo kinakupa hiyo bei.

Kosa la wengi hapa ni kuendesha gari kutoka upande mmoja mpaka mwingine vioo vimefungwa alafu wanasema "mbona ni majani tu". Kitulo sio Mikumi, hujaja kutafuta simba. Ni hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya mimea, kuna aina kama 350 za mimea, na nyingi ni ndogo, ziko chini usawa wa goti. Shuka, tembea na mhifadhi au mwongozaji saa moja mpaka mbili, inama. Kwa ndege kuna tandawala mkubwa anaetembea kwenye majani kama mwenye shamba lake, na mbayuwayu wa bluu wanaokuja msimu wa mvua.

Usichume ua na usichimbe kitu. Okidi za nyanda hizi zimechimbwa sana, viazi vyake vinauzwa Zambia kutengenezea chakula kinachoitwa chikanda, na kiazi kikichimbwa mmea ule umekufa. Inaniuma kuona mgeni ameshika shada la okidi kwa ajili ya picha moja.

Wakati uko juu ya uwanda tafuta Mtorwi kwa macho, muulize mhifadhi akuoneshe. Una mita 2,961, umeuzidi Mlima Rungwe kwa mita moja tu, ndo kilele kirefu kuliko vyote nyanda za kusini.

Kichwa kikiuma kidogo kunywa maji, punguza mwendo, ukishuka kinaisha. Mtoto akitapika au mtu akachanganyikiwa msikae, shukeni.

Ondoka uwandani sio zaidi ya saa nane mchana. Hata kama bado mnafurahia. Ukiona mawingu yanaanza kugusa ardhi, ondoka hiyo saa saba.

Hatua ya 5: Shuka kwa Kikondo mpaka Isyonje, alafu Tukuyu

Unapita Kikondo, mashamba ya viazi na pareto, misitu ya mipaini, vilima vya Uporoto. Kwangu mimi kipande hiki ndo kizuri kuliko vyote, na watu wanakipita wamelala. Sehemu nyingine ni vumbi na mashimo, nenda taratibu.

Ukungu ukikukuta: taa za chini, sio full. Full inapiga kwenye ukungu inakurudia machoni. Punguza mwendo mpaka uweze kusimama ndani ya umbali unaouona. Hazadi ni za gari lililosimama, ukiziwasha huku unatembea wa nyuma yako hajui kama unakata kona. Kama huoni kabisa, toka nje ya barabara kabisa kabisa ndo usimame.

Isyonje unaingia kwenye lami ya Mbeya–Tukuyu, kata kushoto. Hapa watu wanajisahau, wanaona lami wanaachia gari. Huu nao ni mteremko mrefu na ndo barabara ya malori ya Malawi kupitia Kasumulu. Shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia. Breki kanyaga kwa nguvu kidogo, achia, kanyaga, achia. Usiweke mguu juu ya pedali moja kwa moja, hapo ndo zinapata moto.

Ukisikia harufu ya kuungua au pedali imekuwa laini, simama sehemu tambarare mapema wakati bado inashika. Weka mawe kwenye tairi, kaa nusu saa au zaidi. Usimwagie maji, diski ya moto ikimwagiwa maji ya baridi inapinda au inapasuka.

Lala Tukuyu. Gesti na loji zipo za bei zote, ila siku za sikukuu piga simu mapema. Kula ndizi za huku na parachichi, kunywa chai ya huku huku. Ukipokelewa na mzee mwambie "mugonile", akikupa kitu sema "ndaga", utaona uso wake utakavyobadilika.

Umefanikiwa kama mmeshusha mabegi kabla giza halijaingia. Saa moja usiku muwe mnakula.

Hatua ya 6: Siku ya pili, Ngozi kwanza hata kama Daraja liko njiani

Ukitoka Tukuyu kurudi Mbeya unaanza kulikuta Daraja la Mungu upande wa Kiwira, ndo baadae Isongole ya kwenda Ngozi. Kwahiyo watu wanaanza na Daraja, wanafika Ngozi saa saba mchana, wanapanda kwa tabu, wanafika ukingoni wanakuta jeupe tupu, ziwa halionekani. Daraja halina ukungu wa kuliziba, litakusubiri. Pita, nenda Ngozi.

Toka Tukuyu saa kumi na mbili na nusu. Isongole lipia ada ya msitu, chukua kijana wa kuongoza, kubaliana bei kabla ya kuanza, na muulize barabara ya vumbi ikoje. Ni kama kilometa sita kutoka lami mpaka mguu wa mlima, ikiwa tope acha gari panda boda.

Kupanda ni saa moja mpaka moja na nusu ndani ya msitu, kuna mianzi, migomba pori, ukibahatika mbega. Mwanzo ni rahisi, mwisho ni mkali na unateleza, shika mizizi usishike matawi makavu. Watoto wa miaka nane kwenda juu wanaweza, mtoto wa mgongoni mwache na mtu chini.

Ukingoni ziwa liko chini sana ndani ya kreta, kijani, kimya, kuta zake ni wima. USISHUKE ZIWANI. Kuna vijana watakwambia kuna njia, ndio ipo, ni ya kushika mizizi kwenye ukuta unaoteleza na kupanda tena ni kazi nyingine. Kinachopendeza kiko pale pale juu. Keti, kula, piga picha.

Ukiona maji na ukingo wa upande wa pili, umefanikiwa. Ukikuta wingu, subiri dakika ishirini, mara nyingi upepo unalifungua kidogo. Usiende mbele kutafuta sehemu ya kuona vizuri wakati huoni unapokanyaga.

Hatua ya 7: Daraja la Mungu na Kijungu, alafu nyumbani

Kutoka Isongole unarudi chini mpaka Kibwe karibu na Kiwira, unakata kuingia ndani. Najua ni kurudi nyuma, ni lami, haichukui mda. Kama mmechoka au ni baada ya saa nane, achana nalo, nendeni Mbeya.

Daraja ni mwamba wa lava uliopita juu ya mto Kiwira, mto unapita chini yake. Usitembee ukingoni mwa mwamba msimu wa mvua, una ukungu wa kijani unaoteleza mno. Kijungu kiko mbele zaidi, mto unaingia kwenye shimo unazunguka kwa nguvu, na kiko eneo la chuo cha Magereza. Kwahiyo unasimama getini, unajiandikisha, unaonesha kitambulisho, na kamera unaitoa pale ulipoambiwa tu. Usipige picha majengo, geti wala askari.

Anza kurudi saa tisa. Uyole jioni kuna foleni na malori, afadhali uikute ukiwa na mwanga.

Kama una IST au gari lingine dogo

Acha Chimala na Kitulo. Fanya hivi: siku ya kwanza Ngozi asubuhi (gari uliache Isongole, panda boda), mchana Daraja, lala Tukuyu. Siku ya pili Kaporogwe, maporomoko yenye kimo cha kama mita 40 na pango nyuma ya maji, yako kusini mwa Tukuyu, kipande cha mwisho ni vumbi kwahiyo ulizia hali yake Tukuyu kabla. Alafu rudi Mbeya kwa lami.

Matema usiibane humu. Ni ufukweni Ziwa Nyasa huko chini, inataka siku zake mbili peke yake.

Ukifika nyumbani

Osha chini ya gari ndani ya siku moja mbili, tope la kule likikauka kwenye diski na shokapu linakula raba. Angalia tena oili ya breki na kulanti, kama kimoja kimeshuka kuna sehemu inavuja, na ni bora fundi akione Mbeya kabla hujaianza njia ya Dar na mlima Kitonga.